Rutshuru: Baada ya upasuaji wa nyonga, kazi kubwa ya kutembea tena inafanyika nyumbani

Upasuaji wa nyonga unachukua masaa machache. Kujifunza kutembea tena kunachukua miezi, na sehemu kubwa ya miezi hiyo mgonjwa anaipitisha nyumbani kwake, mbali na hospitali. Katika wilaya ya Rutshuru, jimboni Kivu Kaskazini, nyumbani mara nyingi ni kijijini, penye choo cha shimo, kitanda cha chini, njia ya mawe, na jirani anayekuja na mafuta ya kukanda mguu. Hapo ndipo watu wengi waliopasuliwa vizuri wanaweza kubaki vilema, wakati wangeweza kurudi shambani.

Kazi ya kumrudisha mtu kwenye miguu yake ni ya mtaalamu wa mazoezi ya viungo, ambaye kwetu wengi wanamwita “kine”, kwa kufupisha neno la Kifaransa. Lakini wataalamu hao wanapatikana zaidi mjini Goma, na ni wachache. Kwa hiyo mwenye kumsimamia mgonjwa kila siku anakuwa ni mke, mume, mtoto au dada aliyelala naye hospitalini kama mlinzi wa mgonjwa. Makala hii ni kwa ajili ya watu hao kwanza.

Nani anavunjika nyonga kwetu?

Nyonga ni kiungo kikubwa kinachounganisha paja na kiwiliwili. Kichwa cha mfupa wa paja ni cha mviringo kama mpira, nacho kinazunguka ndani ya shimo la mfupa wa kiuno. Mtu akisimama, akitembea, akichuchumaa au akibeba bidoni ya maji, uzito wake wote unapita hapo.

Katika nchi tajiri, mgonjwa wa kawaida wa nyonga ni mzee aliyeteleza ndani ya nyumba. Kwetu pia wazee wanaanguka, hasa wamama ambao mifupa yao imepungua nguvu baada ya kukoma hedhi. Lakini kuna wengine. Kuna vijana wa pikipiki, kwa sababu goti likigonga gari kwa nguvu, kichwa cha paja kinaweza kuruka nje ya shimo lake. Kuna waliopigwa risasi au vipande vya bomu. Kuna wenye ugonjwa wa selimundu, ambao damu yao inashindwa kupita vizuri kwenye mishipa midogo mpaka kichwa cha mfupa wa paja kinakosa damu na kufa polepole. Hao wanaweza kuharibika nyonga wakiwa bado vijana kabisa. Na kuna kifua kikuu, ambacho hakikai mapafuni tu: kinaweza kuingia kwenye kiungo cha nyonga na kukila.

Matibabu yanafuata ugonjwa. Mfupa uliovunjika unaweza kushikwa kwa misumari au kwa bamba la chuma. Kichwa cha mfupa kilichoharibika kinaweza kuondolewa na kuwekwa cha bandia. Nyonga bandia nzima, kichwa pamoja na shimo lake, ilipata umbo lake la kisasa mwanzoni mwa miaka ya 1960 kwa kazi ya daktari John Charnley katika hospitali ya Wrightington, Uingereza. Leo ni upasuaji wa kawaida duniani, lakini kwetu bado ni wa bei kubwa, na wenye uwezo wanavuka mpaka kuutafuta Rwanda, Uganda au mbali zaidi. Wengine hawapasuliwi kabisa: mguu unafungwa kamba na kuvutwa kwa uzito, na mgonjwa analala chali kwa wiki nyingi akingoja mfupa ujiunge.

Barabara ya kilomita 70

Hospitali Kuu ya Rutshuru ndiyo mlango wa kwanza kwa watu wa Kiwanja, Rubare na vijiji vya pembeni. Shirika la Madaktari Wasio na Mipaka, MSF, limeiunga mkono kwa miaka mingi, zaidi kwa upasuaji na dharura. Mgonjwa anayehitaji zaidi anashuka Goma, kilomita zipatazo 70, kwa barabara ya taifa namba 2 inayopita Rumangabo, Rugari na Kibumba.

Goma kuna HEAL Africa, hospitali iliyoanza mwaka wa 2000 kwa juhudi za daktari wa mifupa Jo Lusi na mke wake Lyn. Kuna hospitali ya CBCA Ndosho, ambako Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu, CICR, imekuwa na kikundi cha wapasuaji wa majeruhi wa vita tangu mwaka wa 2012. Kuna pia kituo cha watu wenye ulemavu cha Shirika la Umoja, kinachojulikana kwa miguu bandia, vifaa vya kutembelea na mazoezi ya viungo, nacho kinapata msaada wa CICR. Ng’ambo ya mpaka, Rwanda, kituo cha Gatagara kimekuwa kikihudumia watu wenye ulemavu tangu mwaka wa 1960.

Kwa karatasi, basi, njia ipo. Katika maisha, vita vimeivunja mara nyingi. M23 walichukua Rutshuru-centre na Kiwanja mwishoni mwa Oktoba 2022, na kwa muda mrefu mstari wa mapigano ulikaa kati ya Rutshuru na Goma. Mwishoni mwa Januari 2025 Goma nayo ikachukuliwa. Hospitali zilijaa majeruhi kupita uwezo wake, uwanja wa ndege ukafungwa, na benki zikafunga milango. Hospitali ikijaa hivyo, kitanda kinahitajika kwa majeruhi mwingine, na aliyepasuliwa nyonga anatakiwa kutoka mapema. Anayetoka mapema bila kujua mazoezi yake anarudi Rutshuru na nusu ya matibabu.

Siku ya kwanza: amka kitandani

Wazo lililoenea katika familia nyingi ni kwamba aliyepasuliwa apumzike bila kuguswa mpaka apone. Kwa nyonga, wazo hilo linaweza kuua. Mzee akilala bila kujigeuza, mapafu yanajaa makohozi na kupata maambukizi, ngozi ya makalio na visigino inaoza, damu inaganda ndani ya mishipa ya mguu, na misuli inayeyuka kwa siku chache tu. Hata katika nchi zenye hospitali nzuri, kati ya mzee mmoja kwa watano na mmoja kwa watatu waliovunjika nyonga hufariki ndani ya mwaka mmoja. Ndiyo maana leo wapasuaji wengi wanataka mgonjwa aketi na kusimama siku inayofuata upasuaji, kama hakuna sababu ya kumzuia.

Mazoezi ya kitandani ni mepesi na hayahitaji mashine:

– Kupeleka nyayo mbele na nyuma, mara 10 hadi 20 kila saa akiwa macho. Hii inasukuma damu.
– Kukaza misuli ya mbele ya paja, kama mtu anayetaka kubandika nyuma ya goti kwenye godoro. Ahesabu mpaka tano, aachie.
– Kukaza makalio, ahesabu mpaka tano, aachie.
– Kuvuta kisigino polepole juu ya kitanda ili goti likunjike, kisha kukirudisha.
– Kuvuta pumzi ndefu mara kadhaa na kukohoa, ili mapafu yabaki wazi.

Maumivu kidogo ni ya kawaida. Dawa ya maumivu inatolewa ili mgonjwa aweze kujisogeza, kwa hiyo inafaa kumezwa nusu saa hivi kabla ya mazoezi. Maumivu makali yanayokuja ghafla ni jambo lingine, tutalieleza chini.

Swali moja kabla ya kutoka hospitali

Kuna swali ambalo kila familia inapaswa kumuuliza mpasuaji kabla ya kufunga mizigo: “Mguu huu aukanyage kwa uzito gani, na mpaka lini?” Jibu halifanani kwa wote. Mwenye kichwa cha bandia mara nyingi anaruhusiwa kukanyaga mapema. Mwenye misumari au bamba anaweza kuambiwa aguse chini tu kwa ncha ya mguu kwa wiki kadhaa, kwa sababu mfupa haujaungana na chuma peke yake kitachoka na kukatika. Jirani aliyepasuliwa mwaka uliopita na kutembea wiki ya pili si kipimo. Jibu liandikwe kwenye karatasi ya kutoka, pamoja na tarehe ya kurudi kwa picha ya radio.

Swali la pili ni la miiko. Kwa wengi waliowekewa nyonga bandia, hasa kama mpasuaji alipitia nyuma, kwa wiki 6 hadi 12 kuna mambo matatu ya kukwepa: kukunja nyonga kupita pembe mraba, kupitisha mguu mmoja juu ya mwingine, na kugeuza vidole vya mguu kuelekea ndani. Ukifanya hayo, kichwa cha bandia kinaweza kutoka mahali pake.

Nyumba ya Rutshuru inapangwa vipi?

Miiko hiyo iliandikwa kwa watu wenye viti virefu na vyoo vya kukalia. Sisi tunachuchumaa chooni, tunaketi kwenye kiti kidogo mbele ya mbabula, tunakula tukiwa kwenye mkeka. Kila moja ya hayo inapeleka goti juu ya nyonga. Kwa hiyo nyumba ibadilishwe kabla mgonjwa hajafika.

Choo ndicho cha kwanza. Fundi wa mbao anaweza kutoboa tundu katikati ya kiti imara, chenye miguu minne na pa kushikia. Kiti hicho kinawekwa juu ya shimo, au juu ya ndoo ndani ya chumba kwa wiki za mwanzo na usiku. Urefu wake uwe wa kutosha ili mgonjwa akiketi, magoti yabaki chini kidogo ya nyonga. Kiti cha plastiki kinaweza kutumika, lakini kiangaliwe: miguu yake inafunguka kwenye udongo laini.

Kitanda kipandishwe kwa matofali au magogo chini ya kila mguu, na kisiyumbe. Mgonjwa alale chali, na mto kati ya miguu. Godoro lililowekwa chini halifai, kwa sababu kuinuka kutoka chini ndiyo njia rahisi ya kuharibu kazi ya daktari.

Mbabula iwekwe juu ya meza au mawe, mama apike akiwa ameketi kwenye kiti kirefu, au mwingine apike. Vitu vya kila siku viwe kwenye usawa wa mkono: kikombe, simu, dawa, nguo. Kitu kikianguka, akiache, mtoto atakiokota. Viatu avalishwe, asiiname. Kanisani asipige magoti, na Mwislamu aswali akiwa kwenye kiti mpaka daktari amruhusu kusujudu. Kuoga aogee akiwa ameketi, na sakafu ikaushwe.

Chakula nacho ni sehemu ya matibabu. Mfupa na kidonda vinajengwa kwa maharagi, soya, mayai, sambaza na lengalenga. Mgonjwa anayekula foufou na maji ya sombe peke yake atachelewa kupona. Sigara inachelewesha mfupa kuungana, na pombe inamwangusha mwenye magongo.

Magongo juu ya mawe ya volkano

Aliyetembea Goma anajua mawe yaliyoachwa na Nyiragongo mwaka wa 2002 na 2021, na aliyetembea Rutshuru anajua matope ya msimu wa mvua. Magongo yanafundishwa kwenye sakafu laini ya hospitali, kisha yanatumiwa kwenye njia hizo. Afadhali mgonjwa ajifunzie nje, uani, kabla ya kutoka hospitalini.

Gongo la kwapani lipimwe: mgonjwa akisimama wima, pabaki nafasi ya vidole viwili au vitatu kati ya kwapa na gongo. Uzito unabebwa na mikono. Anayelalia kwapa anabana mishipa ya fahamu, na mkono unaweza kufa ganzi. Kama magongo yamechongwa kijijini, ncha zifungwe kipande cha mpira wa tairi ili zisiteleze, na mpira huo ubadilishwe ukiisha.

Mpangilio wa hatua ni huu: magongo mbele, mguu uliopasuliwa ufuate, kisha mguu mzima. Akipanda ngazi au kilima, mguu mzima utangulie. Akishuka, magongo na mguu mgonjwa vitangulie. Akifika wakati wa kutumia fimbo moja tu, aishike kwa mkono wa upande ulio mzima. Watu wengi wanaishika upande wa maumivu, na hapo fimbo inakosa kazi.

Usafiri ni tatizo kubwa, maana kwetu moto ndiyo teksi ya kila mtu. Kupanda moto kunamlazimisha mgonjwa kupanua na kukunja nyonga, na barabara yenye mashimo inampiga kila dakika. Wiki za mwanzo moto ikwepwe. Kwenye gari, akae kiti cha mbele kilichorudishwa nyuma, juu ya mto mgumu: makalio yaingie kwanza, kisha miguu yote miwili pamoja. Kutoka Rutshuru mpaka Goma, dereva aombwe kusimama njiani ili mgonjwa anyooke.

Wiki kwa wiki

Baada ya wiki mbili hivi nyuzi zinatolewa. Kuanzia hapo, kama daktari ameruhusu, mazoezi yanapanda: akiwa amesimama na kushika ukingo wa meza, apeleke mguu pembeni na kuurudisha, aupeleke nyuma na kuurudisha, apige hatua papo hapo. Mazoezi ya pembeni yana maana ya pekee, kwa sababu misuli ya pembeni ya nyonga ndiyo inayozuia kiuno kuanguka upande mmoja kila hatua. Mtu anayetembea akiyumba kama bata miezi sita baadaye mara nyingi misuli hiyo haikufanyiwa kazi.

Matembezi mafupi mara tatu au nne kwa siku yanashinda tembezi moja refu. Kati ya wiki ya 6 na ya 12 wengi wanaachana na magongo, wengine baadaye. Kazi nzito, yaani jembe, mzigo wa kuni kichwani, chukudu, bidoni ya lita 20, ingoje ruhusa, na mara nyingi ruhusa hiyo haiji kabla ya miezi mitatu au zaidi. Hapa familia inajaribiwa. Mama asiyelima msimu mmoja ni chakula kinachokosekana nyumbani, na ndiyo maana wengi wanarudi shambani kabla ya siku. Familia ikijua mapema kwamba msimu mmoja utapotea, inaweza kupanga majirani, kanisa au likelemba. Isipojua, chuma kitavunjika na itapoteza misimu mingi.

Usikande, usivute

Waunga mifupa wa kijijini wanaheshimiwa, na wapo wanaosaidia kwa mkono uliovunjika. Lakini nyonga iliyopasuliwa isivutwe, isikandwe kwa nguvu, isipakwe majani kwenye kidonda. Kuvuta kunatoa kiungo, na majani yanaingiza vijidudu. Maambukizi yakifika kwenye chuma, mara nyingi dawa peke yake haitoshi, na mgonjwa anarudi kwenye meza ya upasuaji.

Rudi hospitalini bila kungoja ukiona haya:

– Maumivu makali ya ghafla, mguu umekuwa mfupi au umegeuka, na mgonjwa hawezi tena kuukanyaga.
– Kidonda kinatoa usaha au harufu, kimekuwa chekundu na moto, au mgonjwa ana homa.
– Tumbo la mguu limevimba, linauma na ni gumu upande mmoja.
– Pumzi fupi ya ghafla au maumivu ya kifua. Hii ni dharura ya saa hiyo hiyo, kwa sababu damu iliyoganda inaweza kuwa imefika mapafuni.

Haki iliyoandikwa

Congo ina sheria ya tarehe 3 Mei 2022 inayolinda haki za watu wenye ulemavu, na Katiba nayo, katika kifungu chake cha 49, inawapa wazee na watu wenye ulemavu ulinzi wa pekee. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu bilioni 2,4 wana hali ya afya inayohitaji huduma ya kurudishiwa uwezo wa mwili, na mwezi wa Mei 2023 mkutano wake mkuu ulizitaka nchi kuingiza huduma hiyo katika afya ya msingi, karibu na watu.

Karibu na watu, kwa Rutshuru, kungekuwa na maana rahisi: muuguzi wa kituo cha afya aliyefundishwa mazoezi haya ya msingi, kiti cha choo na jozi ya magongo vinavyoazimwa na kurudishwa, na karatasi ya mazoezi yenye michoro, iliyoandikwa kwa Kiswahili na Kinyarwanda, inayotoka hospitalini pamoja na mgonjwa. Hayo ni kazi ya fundi wa mbao, siku chache za mafunzo na karatasi. Wafadhili wanaolipia upasuaji wanaweza kuyaongeza kwenye hesabu yao, na viongozi wa maeneo ya afya wanaweza kuyadai.

Kwa leo, familia yenye mgonjwa wa nyonga isisubiri hilo. Iulize swali la uzito kabla ya kutoka hospitali, itengeneze kiti cha choo, ipandishe kitanda, na kila asubuhi imkumbushe mgonjwa kuanza na nyayo: mbele, nyuma, mara kumi.